KHUTBA YA IJUMAA: AHADI YA NCHI NA BOMU LILILOBAKI ARDHINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyeitandaza ardhi ili watu wailime, waipite na wale riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na kila anayefuata njia yao hadi siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wazee wetu, wababa na wamama, na ninyi vijana: ninawausia pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Allah katika yale tunayoyasema na katika yale tunayotia sahihi. Leo tutazungumza juu ya ahadi. Si ahadi ya mtu na jirani yake tu, bali ahadi ya nchi nzima, ahadi ambayo wengi wetu hatujui kwamba tuliitoa, na ambayo wewe unayesoma karatasi hii una sehemu yako ndani yake.

Nchi yetu ya Kongo iliingia katika mkataba wa dunia unaokataza mabomu ya kutegwa ardhini tarehe 2 Mei 2002. Mkataba huo ulifunguliwa kwa kutiwa sahihi mjini Ottawa, Kanada, mwezi wa Desemba 1997, na ulianza kufanya kazi tarehe 1 Machi 1999. Kwetu sisi ulianza kutufunga tarehe 1 Novemba 2002. Nchi zaidi ya 160 ziliingia ndani yake.

Utauliza: ahadi yenyewe ni ipi? Ni mambo sita, uyashike vizuri. La kwanza, kutotega bomu la namna hiyo hata siku moja, kwa sababu yoyote ile, wala kulitengeneza, wala kuliuza, wala kumsaidia mwingine kulitega. La pili, kuharibu mabomu yote yaliyo ghalani kwa muda wa miaka 4. La tatu, kusafisha ardhi yote iliyotegwa kwa muda wa miaka 10. La nne, kila nchi yenye uwezo isaidie kuwatunza watu waliojeruhiwa. La tano, kuweka sheria ya kumwadhibu mwenye kuvunja. La sita, kutoa taarifa kila mwaka, kabla ya mwezi wa Nne kwisha, kusema nini kimefanyika na nini kimebaki.

Sasa sikiliza Uislamu unasema nini. Sura Al-Maida, katika aya yake ya kwanza kabisa, inawaamrisha wenye kuamini watimize mikataba waliyofunga. Sura Al-Isra, aya ya 34, inatufundisha kwamba ahadi itaulizwa. Na Mtume (s.a.w.) ametutajia alama za mnafiki, mojawapo ni mtu anayeahidi kisha akavunja. Hakuna mahali tulipoambiwa: timizeni ahadi mliyompa Mwislamu mwenzenu tu. Mtume mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, pale Makureishi walipoahidiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa Makka. Wale hawakuwa Waislamu. Lakini hata baada ya Uislamu kuja, Mtume aliyasifu mapatano yale na akasema kwamba angeitwa kwayo tena angeitika. Basi mkataba wenye kuzuia dhuluma ni mkataba wetu, hata kama uliandikwa na watu wasioelekea Kibla.

Ndugu msomaji, elewa kwanza dhuluma ya kitu hiki. Bunduki inashikwa na mtu. Mtu anaweza kuona kwamba mbele yake ni mwanamke amebeba mtoto, akashusha mkono. Bomu la ardhini halina macho. Aliyelitega ameondoka, labda amekufa, labda leo anauza sabuni sokoni. Nalo linangoja palepale. Linalipuka kwa kukanyagwa au kuguswa na mtu, awe askari, awe mchungaji wa mbuzi, awe mama anayekwenda shambani kuchuma sombe. Mkataba wa amani wa Pretoria, uliokusanya pande za vita vya Kongo, ulitiwa sahihi Desemba 2002. Wasoda waliambiwa, redio zilitangaza. Bomu lililokuwa chini ya udongo halikusikia redio.

Tunajua jinsi Abu Bakr (r.a.) alivyowausia majemadari wake alipowatuma Sham: wasiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, wala wasikate mti wenye matunda. Mtu anayetega bomu katika njia ya shamba amevunja wasia ule wote kwa mara moja, maana hawezi kuchagua nani atakanyaga, na shamba lenyewe amelifanya halilimiki. Na wanazuoni wetu wa fikihi walizungumza zamani juu ya mtu anayechimba kisima katikati ya njia ya watu bila ruhusa, kisha mpita njia akatumbukia akafa. Walisema mchimbaji anabeba dhamana, dia iko juu yake, hata kama hakuwapo siku ile, hata kama hakumkusudia yule maiti. Ikiwa hivyo ndivyo kwa shimo, itakuwaje kwa chuma kilichotegwa makusudi ili kikate mguu?

Basi tuitazame nchi yetu kwa haki, tusiisingizie wala tusiifiche. Kuhusu mabomu ya ghalani, Kongo ilitangaza mwaka 2006, kabla ya muda wake kwisha, kwamba imeharibu yote iliyojua kuwa nayo. Hilo ni jema, na mwenye haki apewe haki yake. Kuhusu sheria, ilichukua muda: sheria nambari 11/007 ya kuutekeleza mkataba ilitolewa tarehe 9 Julai 2011, karibu miaka 9 baada ya mkataba kutufunga. Kuhusu kusafisha ardhi, muda wa kwanza ulikuwa hadi tarehe 1 Novemba 2012. Kazi haikuisha. Nchi ikaomba muda, ikapewa hadi tarehe 1 Januari 2015. Ikaomba tena, ikapewa hadi tarehe 1 Januari 2021. Ikaomba tena, hadi tarehe 1 Julai 2022. Ikaomba mara ya nne, ikapewa hadi tarehe 31 Desemba 2025.

Kuomba muda si dhambi, na mkataba wenyewe unaruhusu. Katika Uislamu mdaiwa aliye katika dhiki anapewa nafasi mpaka apate wasaa. Hayo yamo katika Sura Al-Baqara, aya ya 280. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni, kuchelewesha kwake ni dhuluma. Basi kila kiongozi anayehusika, huko Kinshasa na katika majimbo, ajiulize mbele ya Allah: muda ule tuliupokea kwa sababu ya dhiki ya kweli, au kwa sababu tulikuwa tumelala?

Dhiki ya kweli ipo, hatuikatai. Nchi ni kubwa, barabara ni mbovu, mapori ni mazito. Kuna maeneo ya kaskazini mashariki, kama Aru na Dungu, ambako hata kupima tu ili kujua nini kimetegwa wapi kulicheleweshwa na ukosefu wa usalama. Na vita havikuisha. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na Februari Bukavu ikafuata, na mapigano yale yaliacha makombora na magruneti yasiyolipuka katika mitaa ya watu. Ndiyo maana leo katika Kongo mtu anaweza kuumizwa zaidi na kombora lililobaki kuliko na bomu la kutegwa. Kama wazee wa Kisangani wanavyokumbuka, vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji usio wao, viliacha vyuma vya namna hiyo pia. Tunasafisha huku wengine wanachafua.

Lakini tusiifanye dhiki kuwa mto wa kulalia. Msumbiji ilikuwa na vita virefu, na ardhi yake ilijaa mabomu. Walianza kusafisha miaka ya 1990, na mwezi wa Septemba 2015 walitangaza kwamba wamemaliza kila eneo walilolijua. Zaidi ya miaka 20 ya kulala kifudifudi na kuchokoa udongo sentimita kwa sentimita. Majirani zetu wa Rwanda walitangaza mwaka 2009 kwamba wamemaliza upande wao, na Uganda mwaka 2012.

Na hapo Msumbiji Allah aliwasaidia kwa kiumbe ambacho sisi tunakidharau. Panya buku, yule mkubwa wa porini, hufundishwa huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika liitwalo APOPO, ili anuse baruti chini ya ardhi. Ni mwepesi, halipui bomu kwa kulikanyaga. Eneo ambalo mtu mwenye mashine ya kutafuta chuma angelipima kwa siku kadhaa, yeye hulipitia kwa nusu saa. Akinusa, anakwaruza udongo, na binadamu anakuja kuliondoa. Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Ikiwa panya ana sehemu yake katika kuokoa miguu ya watoto, wewe uliyepewa akili na ulimi huna sehemu?

Kuna wanaosema: "Nchi kubwa zenyewe hazimo. Marekani, Urusi na China hazikuingia. Na mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland zilitangaza kwamba zinajitoa kwa kuiogopa Urusi. Kwa nini sisi maskini tujifunge?" Swali hili tusilikimbie. Jibu lake ni mawili.

Kwanza, Mwislamu hapimi ahadi yake kwa ahadi ya wengine. Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya, Mtume (s.a.w.) alikubaliana na Makureishi kwamba atakayewakimbia kwenda kwake bila ruhusa ya walii wake atarudishwa. Wakati ule ule akaja Abu Jandal, amefungwa minyororo, akijikokota, akiomba Waislamu wampokee. Masahaba walilia. Mtume akamrudisha, akamtaka asubiri na kutarajia faraja ya Allah, kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka. Ahadi ile ilikuwa nzito na ilimuumiza yeye na watu wake. Ahadi yetu sisi ni ya kutokata miguu ya watu. Tukishindwa kushika ahadi iliyo nyepesi namna hii, tutashika ipi?

Pili, tazama nani anakanyaga. Mabomu yaliyotegwa Kongo hayakumlipua mkubwa wa dunia hata mmoja. Waliolipuliwa ni watu wa vijiji vyetu. Anayesema mkataba huu ni wa wazungu, na awaambie hivyo wanaotembea kwa magongo.

Na wenye bunduki walio porini, ambao hawakukaa Ottawa wala hawakutia sahihi, wasidhani wamesalimika. Shirika la Geneva Call lilifungua tangu mwaka 2000 hati maalumu ambayo hata makundi yenye silaha yanaweza kutia sahihi, kuahidi kutotumia mabomu haya. Mlango upo. Na hata asiyetia sahihi mahali popote ameshafungwa na Mola wake, maana roho moja isiyo na kosa ikiuawa, Qur'ani imeifananisha na kuua watu wote.

Sasa tuje kwako wewe, ndugu msomaji, maana khutba inayowasema wakubwa tu ni rahisi kuisikiliza.

Ukiwa ni mkulima, mchoma makala, mwindaji au mtafuta dhahabu: usiingie mahali penye alama ya fuvu la kichwa, au mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, au vijiti viwili vilivyowekwa msalaba katika njia. Usiing'oe alama kwa ajili ya kuni. Anayeng'oa alama ile ni kama aliyelitega bomu upya. Ukikuta kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome moto. Simama, rudi kwa nyayo zako zilezile ulizokuja nazo, weka alama kwa mbali, kamwambie shefu wa kijiji, naye apeleke habari kwa wakuu na kwa kituo cha taifa cha kupambana na mabomu, CCLAM.

Ukiwa ni mzazi: mfundishe mtoto haya kama unavyomfundisha kutawadha. Mtoto anaokota kwa sababu kinang'aa. Na anayenunua vyuma chakavu ajue: ukimpa mtoto franka kwa kombora la kale, umenunua kifo chake. Mhunzi naye asilitie motoni.

Ukiwa na gruneti ndani ya nyumba, iliyobaki tangu vita, umeificha juu ya dari "kwa ajili ya usalama": huo si usalama. Mtume (s.a.w.) ametuwekea kanuni kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine. Wapigie watu wa kazi hiyo waje waichukue, usiibebe mwenyewe.

Na sasa neno zito zaidi. Kati yetu, katika safu za msikiti, wapo waliokuwa wasoda wa majeshi mbalimbali, waliokuwa Mai-Mai, waliokuwa na makundi. Wengine walitega. Wengine waliona wenzao wakitega, na wanajua: ni pale karibu na daraja, ni pale nyuma ya kambi ya zamani, ni kwenye njia ya chemchemi. Wamenyamaza miaka mingi. Wamerudi, wameoa, wamehiji pengine. Ndugu yangu, ninakuambia kwa upole lakini bila kuficha: tauba ya jambo hili haitimii kwa kuswali usiku peke yake. Wanazuoni wamesema tauba ina sharti la kuacha kosa, na bomu lako bado linaendelea kutenda. Kila siku liliyopo ardhini, hujaliacha. Na Sura Al-Baqara, aya ya 283, imemwonya anayeficha ushahidi kwamba moyo wake una dhambi.

Unaogopa kukamatwa, unaogopa kisasi. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini wanaosafisha hawahitaji kwanza kujua nani. Wanahitaji kujua wapi. Nenda kwa imamu wako, au kwa mzee unayemwamini, umwambie mahali. Yeye apeleke habari bila kutaja jina. Na ninyi maimamu, mtu akija na habari kama hii, msiifanye hadithi ya baraza. Ni amana. Mfikishe mahali, mfunike mtu.

Tumalizie na wale waliokwisha kukanyaga. Mkataba umewataja, na nchi yetu ilitoa tarehe 3 Mei 2022 sheria nambari 22/003 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria haimshiki mtu mkono kupanda ngazi. Tazama msikiti wako: je, mwenye mguu mmoja anafika mahali pa kutawadhia bila kutambaa? Kamati ya msikiti inaweza kujenga njia ya mteremko kwa mifuko michache ya simenti. Anayegawa zaka awatafute majumbani, asingoje wapange foleni mlangoni. Na tuache kuwaita kwa kilema chao. Kila mmoja ana jina alilopewa siku ya akika.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na tawi lake la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Mwiba tu, jiwe tu. Na imesimuliwa kwamba Umar (r.a.) aliogopa kuulizwa na Allah hata juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Viongozi wetu wataulizwa juu ya watu, si juu ya nyumbu. Nasi tutaulizwa juu ya yale tuliyoyajua tukanyamaza. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu.

DUA

Ewe Mola wetu, isafishe ardhi yetu na isafishe mioyo yetu. Ewe Allah, walinde wanaolala kifudifudi kutafuta mabomu ili wengine watembee. Warehemu waliokufa, wape subira na riziki waliokatwa viungo. Mfungulie ulimi yule anayejua na anaogopa. Wape viongozi wetu kuogopa kuvunja neno walilolitoa kwa jina letu. Ondoa vita katika nchi ya Kongo na kwa majirani zake. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Karatasi hii isitupwe chini, ina jina la Mwenyezi Mungu.)